Sekunde Thelathini za Dirisha la Pili

Kila asubuhi, kabla hajavua mkoba begani, Bi Sekunde huwasha kompyuta, hufungua ukurasa wa kutafuta wagonjwa na kuandika namba ile ile ya kadi, tarakimu nane. Akishabonyeza, huanza kugonga meza kwa kifuniko cha kalamu. Pigo moja ni sekunde moja. Siku hizi hamalizi hata pigo la kwanza. Jina hutokea kwenye kioo kifuniko kikiwa bado hewani. Hata hivyo hufungua daftari lake la jalada la bluu, lililozibwa mgongoni kwa gundi ya karatasi, na kuandika tarehe, saa na sifuri. Ndipo huvua mkoba na kuniambia, "Haya mwanangu, umeamkaje?"

Meza yangu imeungana na yake. Chumba chetu kiko nyuma ya mapokezi ya hospitali, na ukuta unaotutenganisha na madirisha ya mapokezi ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo tunaisikia foleni yote: kikohozi, vilio vya watoto, makarani wakiita majina. Jina la Bi Sekunde alipewa na karani wa dirisha la pili, ambaye naye tulimwita Kipaza, kwa kuwa hakuwahi kuhitaji kipaza sauti. Akiita mgonjwa, walinzi wa getini waligeuka.

Kila asubuhi Kipaza alichungulia mlangoni akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo shangazi. Leo kanzidata yako imelalia ubavu gani?"

"Marahaba. Imelalia ubavu wako, ndiyo maana haiamki. Sogea, unanizibia mwanga."

Hawakuwa ndugu. Bi Sekunde alimfundisha kazi alipokuja akiwa na cheti cha sekondari na woga mwingi, na mwaka Kipaza alipojifungua mtoto wa pili, Bi Sekunde alimshikia dirisha kwa wiki nane bila kumwambia mtu kwamba analishika. Kwa hiyo alikuwa shangazi, na mambo yakaishia hapo.

Bi Sekunde ana miaka thelathini na mmoja katika hospitali hii. Ishirini ya kwanza aliimaliza masjala, chumba cha chini chenye makabati ya chuma, harufu ya vumbi na balbu moja. Huko kadi zote zilikuwa na tarakimu nane. Namba ikiwa fupi, waliijazia sifuri mbele mpaka zitimie nane, ili kadi zikae sawa kwenye droo na mkono uende moja kwa moja. Mpaka leo anasema kadi isiyo na sifuri zake ni mtu aliyetoka nyumbani peku.

Kompyuta zilipokuja, makarani wenzake walistaafishwa. Yeye aliomba apelekwe kozi. Wiki sita baadaye alirudi na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi za fotokopi, akakaa kuingiza kadi za makabati yote kwenye kanzidata, lile ghala la rekodi ndani ya kompyuta, sifuri zake zikiwa mahali pake. Akaitengenezea pia faharasa, yaani orodha iliyopangwa ambayo kanzidata huitazama kwanza ili ijue kadi iko wapi, badala ya kufungua kila droo. Akitafuta mtu, alimpata papo hapo. Alicheka peke yake siku ile ya kwanza, aliniambia, akidhani mashine imekosea.

Halafu alikuja Injinia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana nadhifu, msikivu, mwenye kalamu tatu mfukoni asizozitumia. Makarani wa madirishani walimlilia kwamba wagonjwa wamechoka na sifuri: wazee wanazisahau, na wao wenyewe wanazihesabu kwa vidole huku foleni ikifika nje. Injinia akabadilisha ukurasa ili mtu aandike namba bila sifuri. Kipaza alimpigia makofi mbele ya wagonjwa.

Wiki hiyo hiyo Bi Sekunde alianza daftari la bluu. Kila siku aliandika namba ya kadi yake mwenyewe, mara anapofika na tena saa nne, foleni inaponoga, na kuhesabu. Kurasa za mwanzo zinasema tatu, tatu, nne. Kisha zahanati nne za jirani zikaunganishwa na mfumo wetu, kadi zao zikamwagwa humo, na daftari likaanza kusema saba. Kumi na moja. Kumi na tisa.

Kila mtu alikuwa na mchawi wake. Wa kwanza kulaumiwa ulikuwa waya. Ukabadilishwa, ikabaki kumi na tisa. Wakalaumiwa wauguzi kwamba wanafungua kurasa nyingi kwa mpigo. Wakakatazwa kwa tangazo, ikabaki kumi na tisa. Bi Sekunde hakulaumu mtu. Alikuwa anafika mapema, wakati hakuna mwingine kwenye mfumo, akaona kwamba hata akiwa peke yake inachelewa. Foleni ilizidisha tu ugonjwa uliokuwepo. Akaiuliza kanzidata swali ambalo Injinia hakuwa ameliuliza. Unaweza kuitaka ikueleze, kabla ya kutafuta, inakusudia kutafuta vipi. Akachapa jibu kwenye karatasi, akaenda nalo kwa Injinia. Mimi nilikuwa nimebeba mafaili nyuma yake.

"Mwanangu, umeiuliza inatafutaje?"

"Mama, inatafuta tu. Mashine imechoka."

"Soma hapa. Inapitia kadi zote, milioni moja na laki mbili. Kila moja inaivua sifuri zake, halafu ndiyo inalinganisha na ile uliyoomba. Faharasa imepangwa pamoja na sifuri, kwa hiyo haiangaliwi tena. Imekaa kama mgeni asiyekaribishwa."

"Sasa unataka nirudishe watu kwenye kuhesabu sifuri? Watanipiga mawe."

"Wala. Mgonjwa aandike apendavyo. Ila badala ya kuwavua hawa milioni, mvalishe huyo mmoja anayetafutwa. Mjazie sifuri mbele zitimie nane, halafu ndiyo uulize. Ni mstari mmoja."

Injinia alicheka, bila ubaya. "Mama, haya siyo makabati ya chuma. Kompyuta haichoki kuvua sifuri."

"Haichoki. Inachelewa."

"Ngoja mashine mpya ije, utaniambia."

Mashine mpya ikaja kwenye maboksi mawili na wapiga picha. Daftari likashuka mpaka nane. Bi Sekunde akataniwa korido nzima, na Injinia akampa mkono kwa heshima zote, kama mshindi wa mchezo anavyompa mkono aliyeshindwa. Baada ya miezi miwili daftari lilikuwa kumi na nne, kisha ishirini na mbili, na hakuna aliyerudi kumtania.

Ukurasa wetu ulikuwa umepangiwa kuisubiri kanzidata sekunde thelathini. Zikipita, unaikatisha na kutoa maandishi mekundu: Muda umekwisha. Maandishi hayo yakaanza kuonekana mara moja kwa siku, kisha kila saa. Ikatangazwa kwamba wageni wakubwa wanakuja kuutazama mfumo, na Mganga Mkuu akamwita Injinia, akamwambia hataki kuona wekundu wowote. Injinia alikuwa na siku mbili. Akaufanya ukurasa, pale muda unapokwisha, uchukulie kwamba umetafuta na kurudi mikono mitupu. Badala ya maandishi mekundu ukawa unasema kwa herufi ndogo, za adabu: Hakuna rekodi.

Wageni walikunywa maji ya chupa, wakasifu, wakaondoka jioni ile ile. Maneno yale yalibaki miezi minne.

Bi Sekunde aliyagundua kwa kadi yake mwenyewe. Siku moja saa nne alifika pigo la thelathini, kioo kikamwambia kwamba hana rekodi. Akaandika tena. Hana rekodi. Akamwita Kipaza aje aone.

"Shangazi!" Kipaza akashika kifua. "Kumbe ulishazikwa? Na bado unakuja kazini? Hata marehemu hawapewi likizo hapa!"

Tulicheka wote watatu. Bi Sekunde ndiye aliyekirudia kioo kwanza.

"Huyu anadanganya," alisema. "Hajamaliza kutafuta, na anasema hakuna. Wewe ukiona hivi dirishani unafanya nini?"

"Nafungua kadi mpya. Si tangazo lipo?"

Lilikuwepo, limebandikwa juu ya kila dirisha, na sahihi ya Mganga Mkuu chini yake: mgonjwa asiyepatikana kwenye mfumo afunguliwe kadi mpya mara moja, foleni isikwame. Siku ile ile Bi Sekunde akaandika barua. Baada ya wiki tatu akaandika ya pili, safari hii akiambatanisha ukurasa wa daftari. Zote mbili zilirudi na muhuri wa Imepokelewa. Akaandika ya tatu, na hiyo ndiyo iliyomfanya aitwe ofisini kwa Mganga Mkuu, Jumanne, saa tatu asubuhi.

Alikaa kwenye benchi la nje ya ofisi ile kwa saa mbili na nusu. Katibu muhtasi alikuwa akimwambia, "Vumilia kidogo mama, bado ana simu." Mimi nilikuwa nimetumwa wodi ya wazazi kuunganisha printa. Chumba chetu kilikuwa kitupu.

Saa nne na robo jirani mmoja alimleta mzee fundi viatu wa barabara ya nyuma ya hospitali. Mzee alikuwa amejichoma mguu kwa sindano yake ya kushonea soli, mguu ukavimba mpaka gotini, na homa ilikuwa imempanda kiasi kwamba alikuwa akimwita yule jirani kwa jina la mkewe. Kadi yake ya karatasi, ile ya jina na namba tu, alikuwa nayo mfukoni, imefifia, lakini namba inasomeka. Kipaza akaiandika. Akasubiri. Hakuna rekodi. Akaandika tena, na mara ya tatu akaweka na sifuri zote, kama alivyofundishwa zamani, lakini ukurasa ulizivua hata hizo. Hakuna rekodi. Akaugonga ukuta wetu wa mbao kwa ngumi.

"Shangazi! Kuna baba hapa hayumo na kadi anayo! Shangazi!"

Foleni ilikuwa imefika nje ya mlango na mtu wa nyuma alishaanza kutukana. Kipaza akafungua kadi mpya, tupu, akampeleka mzee kwa daktari yeye mwenyewe, akimshika mkono.

Kwenye rekodi yake ya zamani, ile iliyokuwa ndani ya kanzidata, ukurasa wa kwanza, kulikuwa na mstari ulioandikwa miaka kumi na miwili iliyopita: asipewe penisilini. Daktari aliiona kadi isiyo na kitu, akauliza, jirani akasema hajui. Mzee alichomwa sindano ya penisilini. Kabla ya saa tano na nusu alikuwa amefariki.

Bi Sekunde alirudi kutoka kwenye lile benchi bila kuonana na mtu, akakuta Kipaza amekaa sakafuni chumbani kwetu na magoti yake kifuani. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa kwenye kompyuta, akaingia ndani ya kanzidata yenyewe bila kupitia ukurasa, akaandika namba ya mzee na sifuri zake zote. Faharasa ikamfikisha papo hapo. Mzee alikuwepo: jina, mtaa, mstari wa penisilini. Alikuwepo muda wote.

Bi Sekunde alitoka akaenda kwa Injinia, na nikamfuata. Injinia alikuwa ameshasikia.

"Weka ule mstari wa kujaza sifuri," Bi Sekunde alimwambia. "Sasa hivi."

"Mama, labda tusubiri kwanza uongozi, hili jambo sasa..."

"Weka. Na lile neno la uongo litoe. Wekundu urudi."

Alisimama nyuma ya kiti chake mpaka alipomaliza. Ilichukua robo saa, na sehemu kubwa ya robo saa hiyo Injinia alikuwa akifuta vidole kwenye suruali. Kisha Bi Sekunde akaandika namba ya mzee kwenye ukurasa, bila sifuri, akainua kifuniko cha kalamu. Jina lilitokea kabla hakijashuka. Upande wa pili wa ukuta tulisikia makarani wakishangaa: "Eh! Leo imekula nini hii?"

Kikao cha uchunguzi kilikaa siku ya kumi, kwenye ukumbi wenye viti vya kuzunguka, wajumbe watano. Mimi niliitwa kuandika kumbukumbu. Jambo lililokuwa mezani lilikuwa moja: kama Kipaza alizembea au hakuzembea. Akionekana amezembea, kazi basi, na hakuna hospitali nyingine ingempa dirisha.

Mwenyekiti alianza na Injinia. Je, mfumo ulikuwa na tatizo?

"Ulikuwa na changamoto za kawaida," Injinia alisema, akiitazama meza.

Kumbukumbu za mfumo wenyewe zinaonyesha nini kwa siku hiyo? Injinia akaeleza kwamba mashine huzihifadhi kwa siku saba, kisha hujifuta ili kutunza nafasi. Siku saba zilikuwa zimepita juzi yake.

"Basi tujionee," Mwenyekiti akasema. Ukurasa ukarushwa ukutani. Akaandika namba ya fundi viatu yeye mwenyewe, kwa kidole kimoja. Jina lilijaa ukutani kabla hajarudisha mkono.

"Yupo," alisema.

"Leo yupo!" Kipaza akasimama. "Siku ile hakuwepo! Nilimtafuta mara tatu, mzee wangu, mara tatu, na sifuri nikaweka!"

"Kaa chini, binti. Hapa husikiki kwa kelele."

Mjumbe mmoja akacheka, akajitia anakohoa. Bi Sekunde akainua mkono, akapewa nafasi, akaliweka daftari la bluu mezani.

"Hiki ni nini, mama?"

"Hesabu zangu. Mara mbili kwa siku, miaka mitatu. Zinaonyesha ukurasa ulivyokuwa unachelewa."

"Ulipima kwa chombo gani?"

"Kwa kifuniko cha kalamu."

Hapo walicheka wengi, na hakuna aliyejitia kukohoa.

"Nani alikuwa akishuhudia?"

Mimi nilikuwa nimemwona kila asubuhi kwa miaka miwili. Nilinyanyua kichwa, Mwenyekiti akanitazama kama mtu anayengoja mwandishi amfikie, nikakirudisha kichwa kwenye karatasi. Hilo nalo ni la kweli na ninaliandika hapa kwa sababu kule sikuliandika.

Mwenyekiti akafungua ukurasa wa Jumanne ile. Palikuwa na hesabu moja tu, ya saa moja na nusu asubuhi: ishirini na sita. Pa saa nne palikuwa patupu.

"Ishirini na sita ni chini ya thelathini, siyo? Kwa hiyo kwa hesabu zako mwenyewe mfumo ulikuwa ukijibu."

"Saa nne ingekuwa imepita thelathini. Saa nne nilikuwa kwenye benchi la Mganga Mkuu."

"Tunazungumzia kilichoandikwa. Na mchana wa siku hiyo mfumo ulirekebishwa. Kwa agizo la nani?"

"Langu."

"Uliugusa mfumo kabla ya uchunguzi?"

"Mwenyekiti, mchana ule kulikuwa na..."

"Ndiyo au hapana, mama."

"Ndiyo."

Nikaandika: ndiyo.

Barua ya Kipaza ilitoka Ijumaa. Ilisema uzembe katika kutafuta taarifa za mgonjwa. Alikuja kuchukua sweta lake na kikombe, na kwa mara ya kwanza alizungumza chini kwa chini, mpaka ikabidi nisimamishe feni ili nimsikie.

"Ungeiacha tu, shangazi. Siku kumi. Wangeandika ile namba pale ukutani, wakae wasubiri thelathini zao, waambiwe hakuna. Wangejionea wenyewe."

Bi Sekunde alimkunjia sweta, akalitia kwenye mfuko, akamkabidhi. Kipaza alikwenda nalo bila kuaga. Sasa anaita abiria kwenye stendi ya mabasi, sauti yake inafika ng'ambo ya barabara. Bi Sekunde akipita hapo jioni, sauti hukatika mpaka apite.

Injinia alipandishwa cheo mwaka uliofuata. Mstari ule mmoja ulihesabiwa kuwa maboresho ya mfumo, na kwenye ukumbi wa mapokezi, palipokuwa na tangazo la kufungua kadi mpya, sasa pana bango kubwa lenye picha ya muuguzi anayetabasamu: Rekodi yako kwa sekunde moja. Injinia bado humsalimia Bi Sekunde kwa heshima, akiwa anatembea.

Bi Sekunde hajagombana na mtu. Anafanya kazi yake, anakula ugali wake mezani akiwa ameugeukia ukuta, na kila asubuhi anahesabu. Kitu kimoja tu amebadilisha: haandiki tena namba ya kadi yake. Anaandika ya fundi viatu. Jina hutokea, na mtaa, na ule mstari wa penisilini, naye husoma vyote mpaka mwisho kabla ya kuandika sifuri.

Wiki iliyopita, foleni ikiwa bado haijaanza, nilimuuliza lile ambalo nilikuwa nimelibeba tangu siku ya kile kikao. Nilimuuliza: kama angejua yatakayompata Kipaza, angeuacha ukurasa ulivyo mpaka siku ya kumi?

Alimaliza kuandika sifuri yake, akafunga daftari.

"Hapana," alisema. "Kulikuwa na watu kwenye foleni."